Mtoto Akibaki kwa Bibi: Ya Kupanga Kabla Mzazi Hajapanda Basi

Pita Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, huku Kilimanjaro, katikati ya mwaka, utakuta nyumba nyingi zimebaki na wazee na wanafunzi tu. Wenye nguvu wako Arusha, Dar es Salaam, Mererani, Nairobi au Muscat. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilichomlisha babu na watoto wake wote kiligawanywa kwa watoto wa kiume, kikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka mtu anarithi mahali pa kuweka nyumba na migomba michache. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto na kuezeka mabati. Bei yake iliporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa kugawiana mauzo ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wakulima wengi wa mlimani waling'oa mibuni au wakaiacha izeeke. Kijana asiye na shamba la kutosha alishuka mjini. Huko alipata chumba kimoja Sombetini au Pasua na vibarua visivyotabirika, mtoto akabaki kwa bibi.

Kulelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa ni jambo la kawaida kwetu, na wapo watu wengi waliokua hivyo wakiwa na afya na furaha. Anayeumia ni mtoto aliyeachwa bila mpango: hajui mama anarudi lini, bibi hajui hela inaingia lini, mwalimu hajui ampigie nani mtoto akianguka uwanjani. Umaskini huwalazimisha watu watengane, hilo wengi hawana uwezo wa kulikwepa. Lakini mengi yanayofuata baada ya hapo yanaweza kupangwa wiki moja kabla ya safari, na hayahitaji hela nyingi.

Makaratasi kwanza

Anza na cheti cha kuzaliwa, maana hicho kikikosekana usumbufu wake hudumu miaka. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo kinahesabiwa kuwa kimechelewa na vielelezo vinavyotakiwa vinaongezeka. Mtoto aliyezaliwa hospitali hutoka na tangazo la kizazi, karatasi nyepesi ambayo ni rahisi sana kupotea. Mama anaondoka nayo kwenye begi, anahama chumba mara mbili tatu, siku inapotakiwa haionekani. Mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kusajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa hiyo limalize hilo kabla hujaondoka. Aliyezaliwa nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa.

Kisha angalia majina herufi kwa herufi. Bibi akimpeleka mjukuu kuandikishwa darasa la awali bila cheti, mwalimu ataandika anachosikia: jina la nyumbani, likifuatiwa na jina la babu, kwa sababu huyo ndiye mwenye nyumba. Jina hilo likishaingia kwenye orodha ya mtihani wa darasa la saba, linakwenda naye sekondari na kuchapishwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Anapoomba mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina hayalingani. Dawa yake ipo, hati ya kiapo na barua za hapa na pale, lakini ni gharama na safari kwa kijana asiye na nauli. Dakika kumi za kukaa na mwalimu mkuu siku ya uandikishaji zingetosha.

Cheti halisi kikae mahali anapoishi mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima kama ipo. Mzazi abaki na nakala, na picha ya kila karatasi kwenye simu. Kadi ya kliniki msiidharau. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayorukwa mtoto anapohamishwa, kwa kuwa kila upande unadhani upande mwingine ulishampeleka.

Karatasi ya tatu ni barua ya malezi, na hii karibu kila familia huiruka kwa sababu mlezi ni ndugu. Ni ukurasa mmoja tu: majina ya wazazi, la mlezi na la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu, kwamba mlezi ameruhusiwa kusaini shuleni na hospitalini, na nani atampokea mtoto mlezi akiugua au akifariki. Isainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa na kupigwa muhuri. Nakala moja ibaki kwa mlezi, nyingine shuleni, ya tatu kwa mzazi. Sehemu ya mlezi wa pili ndiyo ya maana kuliko zote. Bibi wa miaka 70 akilazwa hospitali ya Mawenzi usiku wa Jumatano, watoto wawili wanabaki na nani? Swali hilo likikosa jibu, mtoto wa miaka 11 anaweza kujijibu mwenyewe kwa kupanda gari kwenda stendi ya Moshi au Arusha, na huko ndiko maisha ya mtaani huanzia.

Barua hiyo haimwondolei mzazi mzigo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka ahakikishe mtoto anapata chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, awe anaishi naye au la. Mzazi mmoja akijificha na kukata simu, mlezi ana haki ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ikishindikana shauri la matunzo linapelekwa mahakama ya watoto. Mabibi wengi hawaendi kwa kuona ni aibu kumshitaki mtoto wako wa kumzaa. Waambiwe kwamba afisa ustawi huanza kwa kumwita huyo mzazi na kuzungumza naye.

Kwa mwanafunzi, uhamisho ufanyike kwa utaratibu. Siku hizi kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na shule ya zamani ndiyo inayomtoa ili shule mpya impokee. Mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima kwa huruma ya mwalimu, halafu ukifika usajili wa mtihani wa darasa la nne jina lake liko Arusha yeye yuko Himo. Usiondoke shule ya zamani hadi uhakikishe wameanza kumhamisha kwenye mfumo.

Hela ya matumizi

Ugomvi mkubwa kati ya mzazi na mlezi huanzia kwenye "nitakuwa natuma chochote nikipata". Chochote ni kiasi gani? Kaeni chini mpige hesabu ya vitu kwanza, bei baadaye. Nyumba yenye bibi na wajukuu wawili wa shule ya msingi inamaliza takriban kilo 1 ya unga kwa siku, yaani kilo 30 kwa mwezi, pungufu kidogo kama migomba inazaa vizuri. Weka maharage kilo 8, mafuta ya kula lita 2, sukari kilo 3, chumvi, sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka na umeme. Sasa ulizeni bei kwenye duka la Mangi aliye karibu na bibi. Mzazi wa Arusha akitumia bei za soko la Kilombero kupanga bajeti ya Rombo atapungukiwa kila mwezi, na atadhani bibi anafuja.

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa miaka ya mwanzo ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata mwaka 2022. Bado kuna sare, viatu, madaftari, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana shuleni. Vitu hivyo vyote vinadaiwa Januari, mwezi ambao watu wametoka kutumia nauli na sikukuu. Vitengewe hela yake kuanzia Agosti.

Halafu kuna hela ya bibi mwenyewe, ambayo huwa inasahaulika. Ana dawa za presha, ana sadaka, ana michango ya misiba, na analea katika umri wa kupumzika. Iandikwe kando na ionekane kwenye ujumbe: "Shikamoo mama. Nimetuma na ya kutolea. Humo kuna ya unga, daftari sita za Neema, na dawa zako." Bibi akiona sehemu yake imetajwa hatalazimika kuimega kwenye ya unga.

Kutuma na ya kutolea kusiwe hisani, kuwe kanuni. Makato yakimwangukia mpokeaji, kila mwezi kuna kitu kimoja kwenye orodha hakinunuliwi. Laini iwe ya bibi, imesajiliwa kwa alama zake za vidole na kitambulisho chake cha NIDA. Laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa jirani inafanya kazi vizuri hadi siku inapofungiwa au simu inapoibiwa, ndipo mnagundua kwamba mwenye haki ya kuirudisha yuko Tunduma. Kama bibi hawezi kusoma ujumbe, mjukuu mkubwa amsomee, lakini namba ya siri isiwe ya wakala. Umeme mnunulie moja kwa moja: andika namba ya mita yake, lipa LUKU kwenye simu yako, mtumie tokeni. Kwa simu ya kitochi zile tarakimu 20 zitume peke yake kwenye ujumbe, bila salamu, ili asichanganye anapoziingiza.

Mwenye kipato cha msimu ana kazi ya ziada. Mpagazi wa Kilimanjaro hupata safari nyingi kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Machi. Aprili na Mei mvua za masika hukata wageni. Akituma kwa wingi Agosti na sifuri Aprili, bibi atakula kwa mkopo Aprili na Agosti itaishia kulipa deni. Suluhisho ni kununua chakula wakati hela ipo, na bahati nzuri mahindi ya tambarare za chini huvunwa Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Magunia matatu ya kilo 100 yatamfikisha bibi na wajukuu wawili karibu na masika, na ndizi zinamalizia.

Magunia hayo yataliwa na dumuzi kama hayakuhifadhiwa sawasawa, kwa hiyo nitalieleza hili kwa kirefu. Kwanza hakikisha mahindi yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka konzi ya mahindi na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kavu, tikisa dakika moja au mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi yana unyevu, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yako tayari. Tumia mifuko ya tabaka tatu, yaani miwili ya ndani ya plastiki na mmoja wa nje wa kufumwa. Pulizia kwanza hewa ndani ya kila mfuko wa plastiki uone kama una tundu. Jaza mahindi, kamua hewa yote, sokota shingo ya mfuko wa ndani na ufunge kwa kamba, kisha wa pili peke yake, kisha wa nje. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na panya. Wadudu waliomo watakufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Kosa linaloharibu kila kitu ni kufungua kila wiki kuchota debe moja. Fungua mfuko mmoja, umalizwe wote, ndipo ufungue mwingine.

Kuaga

Watu wengi huondoka alfajiri mtoto akiwa amelala ili asilie. Mzazi anaepuka machozi yake mwenyewe, lakini mtoto anaamka na kukuta godoro tupu. Anachojifunza ni kwamba kulala ni hatari. Wiki zinazofuata bibi atasimulia kwamba mtoto hapati usingizi, anamganda hadi chooni, amerudia kukojoa kitandani akiwa na miaka 6. Mwambie siku mbili au tatu kabla, ondoka mchana akiwa macho, mpe nafasi ya kulia. Kilio cha nusu saa kinaisha.

Tarehe ya kurudi mpe kwa alama anazoziona. Mtoto wa miaka 5 hana maana yoyote ya "Desemba". Anaelewa "kahawa ikiisha kuvunwa na shule zikifungwa". Usiahidi usichokiweza. Mzazi aliyepata kazi ya ndani Oman kwa mkataba wa miaka miwili asiseme "narudi karibuni". Aseme darasa atakalokuwa mtoto siku hiyo, na amwonyeshe watoto wa darasa hilo ili aone ukubwa wao. Huyo pia ahakikishe kabla ya kusaini kwamba ataruhusiwa kuwa na simu yake. Oman wametutangulia saa moja, kwa hiyo saa tatu usiku kwao, kazi zinapopungua, ni saa mbili huku na mtoto bado yuko macho.

Simu iwe na siku na saa yake, hata kama ni mara moja kwa wiki, kwa mfano Jumapili jioni. Simu tano zisizo na mpangilio hazifiki uzito wa moja inayosubiriwa. Wagumu wa mlimani, yaani wapagazi, waseme njia wanayopanda: Marangu ni siku 5 au 6, Lemosho 7 au 8, na mtandao huko ni wa kubahatisha, kwa hiyo mtoto aambiwe siku baba anashuka. Ukiuliza "unaendeleaje" utajibiwa "vizuri" na mazungumzo yamekwisha. Uliza kitu kimoja kidogo: leo shuleni mlikula nini, umekaa na nani, mbuzi amezaa wangapi. Na angalau mara moja kwa mwezi mtoto azungumze akiwa nje, peke yake, bila spika. Mtoto anayechapwa kupita kiasi au kuguswa vibaya na mtu wa nyumbani hawezi kukwambia mbele ya huyo mtu. Akariri kichwani namba yako na namba 116, ambayo ni ya simu ya mtoto na haina malipo. Mfundishe kubipu.

Usimpokonye mlezi mamlaka kupitia simu. Mtoto akilalamika kwamba bibi amemkataza kwenda mtoni, jibu ni "msikilize bibi", halafu zungumza na bibi pembeni.

Ndugu wakigawanyika, mkubwa kwa bibi na mdogo mjini na wazazi, mkubwa atauliza kwa nini yeye. Wengine hawaulizi kwa mdomo, wanauliza kwa kumpiga mdogo wake likizo ya Juni. Mpe sababu ya kweli: chumba ni kimoja, wewe ulishaanza shule, mdogo wako alikuwa ananyonya. Watoto huwa wanaibeba kweli hiyo vizuri kuliko kauli kwamba "bibi alikupenda zaidi". Mtoto wa chini ya miezi 6 asiachwe kabisa ikiwezekana, maana anahitaji maziwa ya mama peke yake. Aliyepita hapo apewe uji mzito wenye maziwa, karanga au dagaa wa kusaga. Uji mwepesi unashibisha tumbo bila kumjenga, na mtoto anaweza kudumaa nyumba ikiwa na chakula.

Kuna mpango mmoja unaostahili kukataliwa bila kuona haya. Ndugu wa mbali anatoka Arusha au Moshi mjini, anamwona binti wa miaka 12, anasema "nipe huyu nitamsomesha". Uliza shule gani, darasa gani, nani anashughulikia uhamisho, lini. Akikosa majibu, anatafuta msichana wa kazi. Akiwa na majibu na mtoto akaenda, mpigie mwalimu mkuu wa shule hiyo mwezi wa kwanza na uulize kama amewahi kumwona.

Desemba, na kurudi kwa moja kwa moja

Mzazi anayerudi na mabegi Desemba hutegemea kukumbatiwa, na mara nyingi mtoto mdogo hujificha nyuma ya gauni la bibi, tena anamwita bibi "mama". Msimlazimishe. Siku mbili za kwanza kaa karibu, fanya kazi zile zile anazofanya bibi, kata majani ya ng'ombe pamoja naye. Usianze kuchapa wala kubadilisha sheria za nyumba wiki hiyo.

Viatu vya shule vinanunuliwa kwa kukisia na vinabana ifikapo Machi. Mlezi amsimamishe mtoto juu ya karatasi jioni, wakati mguu umetanuka, achore nyayo zote mbili kwa penseli iliyosimama wima, apime ule mrefu zaidi kutoka kisigino hadi ncha ya kidole, aongeze upana wa kidole kimoja cha mtu mzima. Kamba ya urefu huo inaweza kutumwa kwa kondakta pamoja na parachichi. Sokoni unaiingiza ndani ya kiatu. Ikikunjika, kiatu ni kidogo.

Siku chumba cha pili kikipatikana na mtoto anahamia kwa wazazi, mhamisheni mwanzoni mwa mwaka wa masomo, uhamisho ukiwa umeanza kushughulikiwa kabla shule hazijafungwa Desemba. Tegemeeni miezi kadhaa ya kununa, ya kusema "kwa bibi hatufanyi hivi". Simu ya Jumapili iendelee, sasa ikipigwa kwenda juu. Na hela ya bibi isikatwe mwezi ule ule aliopoteza mjukuu wa kumchotea maji na kumsomea ujumbe. Orodha ipungue unga na madaftari, dawa za presha zibaki, na iongezwe hela ya kijana wa jirani atakayekuwa anamchotea maji.